Maji ya Kamanda

3 Februari

Shikamoo mjomba,

Natumai barua hii inakukuta mzima na nyonga imekupa nafasi ya kupumua. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu. Amepata miwani mpya na sasa anaona vumbi ambalo lilikuwepo miaka yote, basi nyumba nzima hatuna amani. Dada amejifungua mapacha, wa kike wote wawili. Shemeji anatembea kama mtu aliyegongwa na mlango, ukimsalimia anakuitikia baada ya kufika kona.

Nakuandikia kwa sababu najua simu huipendi, na mimi mwenyewe huku uwandani mtandao naupata nikipanda juu ya tangi la maji. Nimepata kazi kubwa. Unakumbuka nilikwambia mimi na mwenzangu Bisibisi tumefungua karakana ya baiskeli za milimani, na tunawatembeza wageni jangwani? Mpaka sasa tumekuwa tukipata watu wawili watatu, wanaendesha asubuhi, mchana wameshachoka. Safari hii amekuja mtu mzito. Wanamwita Kamanda, ndiye mwenye kampuni kubwa ya safari huko chini. Anataka kuwachukua wageni wake wakubwa na kuwapitisha kwenye njia ya kwanza kabisa aliyoivumbua ujanani, ile ya juu, inayokata jangwa zima mpaka upande wa machimbo ya chumvi. Vijana wake wanaijua njia ya chini tu. Yeye mwenyewe amekaa ofisini muda mrefu mpaka imempotea. Kasikia mimi napenda kuchokonoa njia za zamani, ndiyo maana amekuja kwangu. Safari ni mwezi wa saba.

Sasa mjomba, mama aliwahi kuniambia kwamba kabla hujaumia ulifanya kazi pande hizi. Nilipomuuliza juzi kama unaifahamu njia ya juu, akaniambia nisikusumbue na akaendelea kukunja nguo. Mimi nakusumbua hivyo hivyo. Nielekeze: tupande wapi, tulale wapi, maji yako wapi.

Mpwa wako,
Kiroboto


19 Machi

Kiroboto,

Marahaba. Nimefurahi kusikia habari za mapacha. Mwambie shemeji yako asubiri waanze kutambaa, ndipo atajua mlango ni nini.

Mimi naendelea. Mkwe wangu ananilisha vizuri kupita kiasi. Nakaa barazani na magongo yangu pembeni, watu wananiletea ringi zilizopinda, nazinyoosha spoku moja moja. Jirani amenunua spika mpya na anataka mtaa mzima ujue. Nimechelewa kujibu kwa sababu mkono ulikuwa unaniuma.

Huyo Kamanda nilimfahamu kidogo.

Kabla sijakuelekeza nijibu haya. Je, ataendesha mwenyewe au atakaa kwenye gari? Mwili wake ukoje siku hizi, mzito? Ana pumzi? Anakunywa maji sana? Na je, anajua wewe ni mtoto wa nani?

Nijibu haraka.

Mjomba wako


2 Aprili

Shikamoo mjomba,

Pole na mkono. Hapa wote wazima, isipokuwa Bisibisi ameteguka kidole kwa kubishana na kanyagio lililoshika kutu.

Kamanda ataendesha mwenyewe. Alikuja karakana wiki iliyopita kuchagua baiskeli. Ni mtu wa tumbo, kichwa hakina nywele hata moja, ana kofia pana ya ngozi ambayo haivui hata akiwa ndani, ila akifuta jasho. Pumzi si haba, ila akipanda mlima anavuja jasho kama bomba bovu, na chupa yake ya maji haikai mkononi, kila dakika iko mdomoni. Anacheka sana. Aliniambia, "Binti, mimi jangwa hili ndilo lililonilea."

Mimi ni mtoto wa nani hajaniuliza. Kwa nini ajue?

Nasubiri maelekezo.

Kiroboto


9 Aprili

Mpwa wangu mpenzi,

Barua yako imefika leo na leo hii nakujibu. Sisi wazima kabisa. Nimelala vizuri siku hizi.

Sikiliza kwa makini. Anzeni pale korongo linapogawanyika, mfuate mkono wa kulia, ule unaoonekana kama hauendi popote. Mtapanda kwa miguu mkisukuma baiskeli, kisha mtatokea kwenye uwanda wa juu. Ardhi pale ni ngumu, tairi linateleza lenyewe, mtafurahi. Hewa ni nyembamba, msikimbie. Endeleeni kulifuata genge jekundu mpaka mtaona jiwe jeusi kubwa lililopasuka katikati, mtu anaweza kupita kwenye ule mpasuko. Chini ya jiwe hilo kuna kisima. Hakijawahi kukauka. Pigeni kambi hapo.

Kwa sababu ya kisima hicho, msibebe maji mengi. Maji ni uzito, na uzito ule mlimani unaua magoti. Bebeni ya kuwafikisha tu, mtajaza pale. Gari la mizigo lisiwafuate, litawaharibia utulivu. Lizunguke likawasubiri upande wa machimbo.

Kamanda mtangulize mbele. Yeye ni mkubwa, mpe heshima ya kufika kwanza.

Nina raha sana kwamba umeniuliza mimi. Nitakuandikia tena kabla hamjaondoka, kuna mambo madogo ya mwisho.

Nakubusu, na uwabusu mapacha.

Mjomba wako


6 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Watoto wazima. Mama hajambo, ingawa siku hizi mbili hajasema na mimi, na utajua kwa nini.

Mimi sipeleki mgeni mahali ambapo sijapita. Basi tulitangulia, mimi na Bisibisi, tukaifuata njia yako yote. Korongo ni hilo hilo, genge jekundu lipo, tulifika tukiwa na furaha, tukacheka hata. Tulibeba maji kama ulivyosema, ya kutufikisha. Jiwe jeusi lililopasuka likatokea mchana, jua limesimama kichwani.

Kisima kimejaa mawe. Si mawe ya juzi. Yamekaa mpaka yameota ukungu mkavu, na ndani ya mawe kuna debe lililooza kwa kutu. Nilichimba kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu, nikakuta mchanga mkavu kama unga. Bisibisi akaketi chini akasema anaona vitu viwili viwili. Nilimpa maji yangu yaliyobaki. Kurudi tuliacha baiskeli zote mbili pale pale, nikawa namburuta, anaanguka namwinua, ulimi wake umekuwa mgumu hata jina langu hawezi kulitamka. Tungekwenda na wageni moja kwa moja, na Kamanda akiwa mbele anavuja jasho lile, ningezika watu.

Nilijiambia umesahau. Umri, nikasema. Lakini mtu aliyekumbuka mpasuko wa jiwe hawezi kusahau kisima.

Nikaenda kwa mama. Alikuwa anapiga pasi shuka za mapacha.

"Mama, mjomba alivunjika nyonga wapi?"

"Kazini."

"Kazini wapi?"

"Wewe una kazi gani na nyonga ya mtu?"

"Kuna jiwe jeusi limepasuka katikati. Nimetoka huko."

Akaacha pasi juu ya shuka. Mjomba, shuka iliungua na mama hakuinua mkono. Mimi ndiye niliyeichomoa ile pasi ukutani. Akasema, "Nani kakupeleka?" Nikamwambia ni wewe. Akakaa chini, akavua ile miwani mpya, akasema, "Hapo ndipo dereva wa lori la chumvi alipomwokota. Huyo Kamanda wenu ndiye aliyemwacha." Nilimwomba aendelee akakataa. Kaniambia kilichobaki ni chako wewe kusema, si chake.

Basi sema. Na uniambie pia, uliponiandikia "hakijawahi kukauka," ulikuwa umekunja uso au unatabasamu?

Mpwa wako


1 Juni

Mjomba,

Hujanijibu. Mkono unauma tena?

Bisibisi amepona. Kaniambia nikimtajia mjomba wangu tena atanifungua skrubu zote aniache nimetawanyika sakafuni. Kamanda ametuma watu kuuliza kama njia imepatikana. Sijawajibu. Nakusubiri wewe kwanza.

K.


17 Juni

Kiroboto,

Natumai Bisibisi anakula. Mwambie pole. Hapa kwetu hakuna jipya, mkwe ameniuliza mara mbili mbona sili.

Nilikuwa natabasamu.

Sasa nakuambia, na sitakuambia tena. Mimi na yeye tulikuwa marafiki kuliko ndugu. Baiskeli za kwanza za milimani zilizofika pande hizo tulizijenga sisi wawili kwa vyuma vya kuokota. Tulikuwa tunatafuta njia ya kulikata jangwa ili tuje tuwapitishe wageni, na mimi ndiye niliyeiona ile njia. Niliiona kwa kufuata kinyesi cha swala mpaka juu. Tukaenda pamoja kuikagua. Karibu na lile jiwe breki yangu ilikatika, nikaruka gengeni, nyonga ikapasuka. Kisima tulikikuta vile vile ulivyokikuta wewe.

Akanisogeza kivulini. Akachukua baiskeli iliyo nzima. Akachukua maji yake, na akachukua na yangu, akasema anakwenda kwa kasi zaidi akiwa na maji ya kutosha, na kwamba ataleta watu. Akaniambia, "Nakuja sasa hivi." Nilimwamini, Kiroboto. Nilimwambia aendeshe taratibu asije akaanguka na yeye.

Sitakueleza jinsi nilivyokaa pale. Nililamba breki yangu asubuhi kwa sababu chuma kilikuwa na umande. Inatosha.

Alifika mjini salama. Hakuleta mtu. Alipoulizwa niko wapi, alisema nililewa nikamtukana nikaenda zangu upande wa machimbo. Mimi, ambaye pombe naijua kwa harufu tu. Mke wangu aliyasikia hayo kutoka kwa watu sokoni kabla hajaniona mimi hospitali, na tangu siku ile hakuniangalia kama alivyokuwa akiniangalia. Aliondoka mwaka uliofuata. Njia yangu ikawa Njia ya Kamanda. Mama yako alitaka kwenda kumpiga, nikamkataza. Nilitaka kusubiri. Sikujua nasubiri nini mpaka barua yako ilipokuja.

Sasa kuhusu wewe na wageni. Barua ya mwisho ilikuwa imeshakamilika kichwani: ningekuambia ufiche maji ya kwako na ya wengine mahali fulani njiani, ila yeye asijue. Sikufikiri ungetangulia. Mimi ujana wangu sikutangulia mahali, nilikuwa naenda tu. Hilo la Bisibisi linanikosesha usingizi na ni haki yangu kuukosa.

Lakini la Kamanda siliombei radhi. Ukitaka kufuta safari, futa. Ukitaka kwenda, nenda. Ila usimpe mkono.

Mjomba wako


29 Julai

Shikamoo mjomba,

Mapacha wameanza kucheka. Mama amenunua shuka nyingine na ananisemesha tena. Kidole cha Bisibisi kimepona.

Nilikukasirikia mpaka nikaichana barua yako, kisha nikaiokota. Siku ile ile nilimtumia Kamanda jibu kwamba njia ipo.

Nimeipanga safari mwenyewe, siyo kama ulivyoipanga wewe. Maji tuliyapeleka mapema kwa punda mpaka kwenye jiwe, mapipa yaliyojaa. Gari lilisubiri karibu, nyuma ya genge. Bisibisi alibaki na wageni wakati wote. Hakuna aliyekosa kitu, na waliendesha kama watoto, mama mmoja mtu mzima aliteremka ule mteremko mwekundu anapiga kelele za furaha mpaka mwangwi ukaitikia. Nikajisikia vibaya kwamba njia nzuri hivyo hukuwahi kuimaliza.

Tulipokaribia nilimwambia Bisibisi atangulie na wageni kambini, mimi nina kitu cha kumwonyesha Kamanda. Nikamchepusha mpaka lile genge ulikoangukia wewe, upande wa pili wa jiwe ambako kambi haionekani. Alikuwa hoi. Nikamwambia akae kivulini. Nikachukua chupa yake, nikasema naenda kuijaza. Nikaichukua na baiskeli yake pia, nikasema gia inahitaji kutazamwa. Akanipa vyote huku anacheka. Nikamwambia, "Nakuja sasa hivi."

Nilipanda juu ya mwamba nikakaa mahali ninapomwona yeye hanioni. Nilikuwa na maji, nilikuwa na dawa, nilikuwa na redio ya kumwita Bisibisi. Nakwambia ili ujue sikuwa na wazimu. Lakini nilikaa.

Kwanza alipiga mluzi. Kisha akaanza kuniita, "Binti." Baadaye, "Wewe." Jua likasogea, kivuli kikamkimbia, naye akawa anakifuata kwa makalio. Akasimama akatazama huku na huku, na nadhani hapo ndipo alipopatambua, maana alikaa chini ghafla. Halafu akaita tena, na safari hii hakuniita mimi. Aliita jina lako la utani, lile ambalo mama analitumia akiwa na huzuni tu. Aliliita mara nyingi. Sauti ilikuwa imeshaanza kukwaruza.

Mjomba, nilifurahi. Sijawahi kumfurahia mtu vile akiwa katika shida, na sikujua kwamba ninaweza. Nilingoja hadi furaha ile ikaanza kunitisha, ndipo nikashuka.

Nikasimama mbele yake na chupa. Nikamwambia, "Uliyekuwa unamwita ni mjomba wangu. Mama yangu ni dada yake."

Akasema, "Yu hai?"

"Hukuwahi kuuliza?"

"Niliogopa kuuliza." Midomo yake ilikuwa imepasuka. "Nilifika mjini nikiwa na nia ya kurudi. Nikalala kidogo. Nilipoamka ilikuwa imeshachelewa sana, nikaona nitakwenda kuokota maiti, na watu watauliza maji yake yako wapi. Nikasema lile neno la ulevi. Baada ya hapo nisingeweza tena kusema lingine."

"Utasema leo," nikamwambia. "Utawaambia wageni wako kabla hatujala. Maji ni haya, kunywa kwanza. Hata ukikataa kusema nitakupa maji. Mimi siyo wewe."

Alikunywa. Akakohoa, akanywa tena. Hakuniangalia.

Kambini aliwaambia. Alianza vibaya, akasema palitokea ajali na rafiki yake akabaki nyuma. Nikasema, "Maji." Akasema alichukua maji. Nikasema, "Ya nani?" Akasema ya wote wawili. Bisibisi aliacha kukoroga chungu. Yule mama mtu mzima aliyekuwa ameketi karibu na Kamanda aliinuka na kiti chake, akakihamishia upande wa pili wa moto, akakaa. Wengine wakala wakitazama sahani zao. Asubuhi walipanda gari, hakuna aliyetaka kumalizia njia pamoja naye. Alimaliza peke yake, mimi nikiwa nyuma.

Mwisho wa njia aliniomba anwani yako. Nimempa. Ikiwa nimekosea nisamehe. Mkono alininyooshea, sikuupokea.

Sitapata kazi tena kwenye kampuni yoyote inayomjua, na wanamjua wote. Bisibisi anasema tutengeneze baiskeli za watoto wa shule, zinaharibika kila siku.

Mpwa wako


25 Agosti

Mpwa wangu,

Salamu kwa wote, na mapacha hasa. Mkwe amefurahi kwa sababu nimeanza kula.

Alikuja Jumanne. Nilikuwa barazani na ringi mapajani. Gari kubwa likasimama, akashuka mzee mnene ana kofia ya ngozi, ameshika mfuko wa matunda. Nilimjua kwa miguu, bado anatupa ule wa kushoto. Mkwe akamkaribisha kiti, hajui ni nani. Mimi sikuinuka. Nikaendelea kuzungusha ringi.

Akakaa, akavua kofia akaiweka kando ya kiti. Hana hata unywele, ulisema kweli. Akanitazama magongo. Akaanza kulia, na alilia vibaya, kwa sauti, mpaka jirani akazima ile spika yake. Nilimsubiri amalize. Najua kusubiri.

Akasema, "Ndugu yangu, nimekuja kukuomba msamaha."

Nikamwambia, "Hapana."

Akadhani sikusikia. Akarudia, akaongeza mengi: kwamba hajalala vizuri maisha yake yote, kwamba ana moyo mbovu, daktari kampa tahadhari, kwamba hataki kufa na jambo hili. Nikamwambia nimesikia yote, na jibu ni lile lile. Akauliza, "Basi nifanye nini?" Nikamwambia, "Nenda nalo. Mimi nimelibeba, na wewe libebe."

Kiroboto, nilikuwa nadhani siku hiyo nitapiga kelele, au nitamrushia gongo. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa, kama namwambia mteja ringi yake haifai. Mkwe aliniangalia kwa hofu. Watu wameshaanza kuniambia mtaani kwamba kusamehe kunaponya, na kwamba mzee kama mimi sina muda. Labda ni kweli. Mimi nilikula sahani mbili jioni ile, nikaomba na ya tatu.

Wewe ulimrudia na maji. Nimelifikiria sana hilo. Ningekuwa mimi juu ya ule mwamba sijui kama ningeshuka, na ninashukuru kwamba ulikuwa wewe. Njoo huku na Bisibisi, baiskeli za watoto tutazitengeneza pamoja, baraza ni pana, na nina radhi ya kumwomba yeye uso kwa uso, akikubali akikataa.

Kamanda alipoondoka alisahau kofia yake kando ya kiti. Mkwe alitaka kumkimbilia nayo, nikamzuia. Nimeitundika ukutani hapa barazani. Atarudi kuifuata, namjua, hawezi kukaa bila kofia. Akirudi ataniomba tena, na mimi nitamwambia hapana kwa mara ya pili.

Mjomba wako